Kikapu Bila Pasi

Mpira wetu ulinuka gundi. Ile gundi ya kubandikia mipira ya baiskeli, inayokupanda puani mpaka machozi yanakutoka. Ulikuwa na viraka vinne, vyote kazi ya fundi baiskeli wa mtaani kwetu, na kila kiraka kilikuwa na rangi yake kwa sababu fundi alikata mpira wowote aliouokota. Ukiudunda, ulikwenda upande unaotaka wenyewe. Mikono ya kaka yangu Ngoie ilinuka gundi hiyo mezani, ilinuka kanisani wakati wa kupeana amani, na mama hakuchoka kumfukuza akanawe tena. Naanza na harufu hiyo kwa sababu ndiyo kitu pekee kizuri nilichobaki nacho kutoka kwenye mchezo ule. Mengine yote yananitia hasira, na sitajifanya kwamba hayanitii.

Siku hizi nasikia watu wazima na akili zao wakilalamika redioni kwamba mashindano ya smashi yamepoteza utamu. Smashi, kwa asiyejua, ni kuruka mpaka mkono upite juu ya pete ya kikapu, kisha kuushindilia mpira ndani kwa nguvu. Wanasema zamani watu walijaa mpaka wakapanda kuta, na leo viti ni vitupu, vijana wanatazama simu zao, warukaji wanarudia yaleyale. Wanatafuta sababu. Ala! Utamu huo ulikuwepo lini? Mimi niliona mashindano ya kwanza kabisa ya mtaa wetu hapa Lubumbashi, nikiwa na miaka kumi, na nawaambia yalizaliwa yakiwa yameoza. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, nasi tulikipigia makofi kidonda.

Kiwanja chetu kilikuwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya shaba. Nguzo zilikuwa mabomba ya mgodini, pete zililehemiwa na Baba Mwepu, mzee wa karakana aliyestaafu, ambaye ndiye pia aliyewafundisha vijana kucheza. Baba Mwepu alikuwa na sheria moja ambayo sijaikuta kiwanja kingine chochote. Mpira ukiingia kikapuni, yeyote aliyesimama pembeni aliita, "Ya nani?" na sisi wote tulijibu kwa sauti moja jina la yule aliyetoa pasi. Jina la mfungaji halikutajwa. Mfungaji, alisema Baba Mwepu, ameshaona mpira wake ukiingia, inamtosha. Tulikua tukidhani dunia nzima inacheza hivyo. Nilipokwenda shule ya sekondari mjini nikaita "Ya nani?" katikati ya mechi, wasichana walinicheka wiki nzima.

Jina lililoitwa kuliko yote lilikuwa la Kabeya. Alikuwa jirani yetu, ukuta mmoja, rika moja na Ngoie, miaka kumi na saba. Ngoie alikuwa mrefu na anaruka, Kabeya alikuwa mfupi, mabega mapana, na mikono iliyojua mtu atakuwa wapi kabla mwenyewe hajafika. Baba zao, yaani wetu na wake, walifanya kazi karakana moja. Mama zao walibadilishana makaa na chumvi kupitia juu ya ukuta bila hata kusimama kuonana. Familia ya Kabeya ilikuwa ya asili ya mkoa wa Kasai, lakini Kabeya mwenyewe alizaliwa hapahapa, hospitali ileile tuliyozaliwa sisi, na Kasai hakuwa ameiona hata kwenye picha. Kwangu alikuwa kaka wa pili, na yule mwenye subira zaidi. Ndiye aliyenifundisha kushika mpira kwa vidole, nisiukumbatie kama mtoto wa mgongoni.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nchi ilianza kutuporomokea vichwani. Kwanza maduka ya mjini yaliporwa. Halafu mshahara wa kampuni ukachelewa, ukachelewa tena, kisha watu wakaacha kuutaja. Mgao wa unga uliokuwa ukiletwa na lori la kampuni ukakatika, na sisi tuliokuwa tukilalamika kwamba unga ule una wadudu tukaanza kuwatamani hata hao wadudu. Tulichemsha maembe mabichi tukayaita chakula. Na watu wenye njaa wakiambiwa kuna mtu wa kumlaumu, husikiliza. Wakubwa walisimama kwenye mikutano wakasema kazi zetu na nyumba zetu zimeliwa na Wakasai. Baada ya muda jirani zetu wakaanza kuitwa bilulu, wadudu, na waliowaita hivyo walikuwa vijana tuliowajua kwa majina. Nasema wazi: walikuwa vijana wa kiwanja chetu.

Kwenye timu ya Baba Mwepu sita kati ya kumi walikuwa wa Kasai. Waliacha kuja mmoja mmoja, wengine kwa sababu familia zao zilifukuzwa, wengine kwa sababu kuonekana nje kulikuwa hatari. Siku moja walifika vijana wanne tu. Baba Mwepu aliwatazama, akauchukua mpira, akauweka kwapani. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. Akaenda nyumbani na hakukanyaga tena kiwanjani mpaka alipokufa. Vijana wa mikutano wakafurahi. Walitafuta mpira mwingine, wakatangaza kwamba kila Jumapili baada ya misa kutakuwa na mashindano ya smashi. Nilizielewa hesabu zake baadaye, nilipokuwa mtu mzima: mechi inataka watu kumi wanaoweza kusimama uwanja mmoja bila kuuana, na watu hao hatukuwa nao tena. Smashi inataka mtu mmoja. Haihitaji wa kukupa pasi. Mnaweza kuwafukuza wapasiaji wote wa mji na mashindano yakaendelea. Ndiyo mizizi yake hiyo kwetu, na atakayekuja kunieleza habari za burudani, aniache kwanza nimalize.

Jumapili ya kwanza walijaa kweli, siwezi kukataa. Watu walipanda kuta, walipanda mapipa, akina mama walisimama na vikwembe, vitenge vyao vya kanisani. Kabla yake, Ngoie alikwenda ukutani akamweleza Kabeya kwamba viatu vyake mwenyewe vimefunguka kisigino. Kabeya alikuwa na viatu vizuri vya mpira wa kikapu, vyeupe, vyenye shingo ndefu, zawadi ya mjomba wake. Alikuwa na wiki tatu hajatoka nje. Alivipitisha juu ya ukuta. "Chukua," alisema. "Mie niko mu nyumba tu, nitaruka wapi?" Akacheka, na Ngoie akacheka. Mimi nilikuwa nimesimama pale na beseni, nikaona si haki, lakini sikusema kitu kwa sababu nilitaka sana kumwona kaka yangu akiruka.

Akaruka. Mungu wangu, aliruka! Alipoushindilia mpira nguzo ililia, na watu wakapiga yowe. Halafu mtu fulani pembeni, kwa mazoea tu, akaita, "Ya nani?" Nasi tukafungua midomo kujibu, tukakuta hakuna jina. Watu wote wale wakanyamaza ghafla, kimya kibaya. Kisha mmoja wa wale vijana akapiga kelele, "Ngoie!" na wengine wakadakia, "Ngoie! Ngoie!" Kaka yangu aliinua mikono. Nilimtazama usoni na nikaona amelipenda jambo lile kupita kiasi.

Jumapili ya pili watu walipungua. Ya tatu wakapungua zaidi. Ukishaona mtu ameruka, umeona. Utangoja nini tena? Kwenye mechi ulikuwa unangoja kujua Kabeya atampa nani mpira. Hapa ulijua mwanzo na mwisho. Basi wale vijana wakaanza vituko. Wakaleta kiti cha kurukwa, wakaleta baiskeli ya kurukwa, wakamfunga mmoja kitambaa machoni, naye akaenda kujigonga kwenye nguzo. Hilo angalau lilichekesha. Mwishowe wakaishusha pete, urefu wa mkono mzima, ili kila mtu aweze kusmashi, na kila mtu aliposmashi hakuna aliyejali. Debe tupu haliachi kuvuma. Kadiri watu walivyoondoka, ndivyo waliobaki walivyopiga kelele. Jumapili ya tano ilipokaribia, wakamshawishi mwenye lori lililoleta unga kutoka Mokambo mpakani atoe gunia moja liwe zawadi. Hivyo ndivyo walivyofikia: watu hawakuvutiwa tena na mchezo, wakaitwa kwa njaa yao.

Katikati ya wiki hiyo vijana wale walikuja kuwatoa akina Kabeya. Ilikuwa mchana, watu wanaona. Walipewa muda wa kubeba wanachoweza mikononi. Mama Kabeya alibeba sufuria na godoro la mtoto, baba yake alibeba redio iliyokufa zamani, sijui kwa nini. Kabeya alibeba nyanya yake mgongoni. Alikuwa amevaa kandambili za plastiki, moja imeshonwa kwa waya. Viatu vyake vilikuwa chini ya kitanda cha Ngoie. Baba yangu alisimama mlangoni na mikono yake mikubwa ya karakana ikining'inia, hakufanya lolote. Nimemsamehe mengi baba, hilo bado. Waliwapeleka kwenye gare, stesheni ya treni, ambako mamia walikuwa wakilala chini ya maturubai kwenye mvua, wakingoja treni ya kwenda Kasai ambayo hakuna aliyejua itakuja lini.

Mama alikwenda huko mara mbili na lengalenga, mchicha wa kwetu, zilizopikwa. Jumamosi vijana walimzuia njiani wakamwambia akionekana tena analisha wadudu, nyumba yake itajulikana. Lakini alirudi na ujumbe. Mama Kabeya alikuwa amesema treni ikifika itawaacha mahali, na kutoka hapo kijijini kwa babu ni mwendo wa siku mbili kwa miguu, tena porini, na kandambili ya Kabeya imekatika. Anaomba viatu vyake. Hakuomba kitu kingine. Mama alimgeukia Ngoie, naye Ngoie akatazama chini. "Nitamurudishia kisha ya dimanche, mama," alisema, yaani baada ya Jumapili. "Dimanche tu. Kuko gunia ya bunga." Mama hakubishana naye.

Jumapili asubuhi, Ngoie akiwa bado anaoga, mama alivitoa viatu chini ya kitanda, akavifunga kwenye kikwembe cha zamani, akavificha jikoni. Ngoie alipokwisha kutoka, akanipa. "Mado, peleka ku gare," aliniambia. "Bakikuuliza, sema unapelekea tantine yako kikwembe. Usisimame mu njia. Umesikia?" Nikasema nimesikia, ni kikwembe cha shangazi. Aliniona ni mdogo, nisingeshukiwa na mtu, na alikuwa sahihi, hakuna aliyenishuku. Njia ya gare ilipita kando ya kiwanja. Ngoie alikuwa ameshafika, amepekua nyumba nzima akakosa viatu, akaenda hivyohivyo miguu mitupu. Watu hawakufika arobaini. Nilisikia wakicheka. Alikuwa amejaribu kuruka baiskeli, akateleza kwenye udongo wenye maji, akaanguka kifudifudi, na wale waliokuwa wakiimba jina lake wiki nne zilizopita walikuwa wakimzomea, "Ondoka, tumechoka nawe!" Gunia lilikuwa limesimamishwa pale kwenye kiti, limefungwa kwa kamba nyekundu. Nilitazama gunia, nikatazama magoti ya kaka yangu yenye damu. Ninachokumbuka baada ya hapo ni kwamba niko katikati ya kiwanja, kikwembe kimefunguka, na ninampa viatu.

Alishinda, bila shaka. Aliruka baiskeli, akasmashi kwenye pete iliyoshushwa ambayo hata fundi baiskeli mwenyewe angeifikia, watu wakapiga makofi machache, na wengi walikuwa wameshaanza kuondoka kabla hajatua chini. Alibeba gunia kichwani mpaka nyumbani. Nilitembea nyuma yake nikijivunia, nawaambia ukweli, nilijivunia. Mama alitoka nje akaona unga, kisha akaona miguu yake. Hakumpiga, wala mimi hakunipiga. Alipiga magoti akafungua kamba za viatu vile yeye mwenyewe, Ngoie amesimama kama mtoto mdogo, kisha akanishika mkono tukakimbia.

Treni ilikuwa imeondoka. Miezi yote ile watu walingoja, na ikaja asubuhi ile. Gare ilikuwa tupu, yamebaki mafiga na majivu na matambara. Mama aliinama akagusa jiwe moja la jiko. Lilikuwa bado na joto. Alikaa chini kwenye matope na nguo yake ya kanisani, viatu mapajani, akalia kwa sauti, na wapita njia wakatuzunguka wakidhani tumefiwa.

Jioni alipika bukari, yaani ugali, kwa unga ule. Tulikuwa na siku nyingi hatujaiona bukari nyeupe inayofuka mvuke. Aliiweka katikati yetu, na hakuna aliyenyoosha mkono. Mama alitutazama mmoja mmoja. "Mukule," alisema. "Iko ya Kabeya." Baba alikula. Ngoie alikula. Mimi nilikula, na ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Mama peke yake hakula, akaenda kulala.

Baada ya miezi kadhaa mfanyakazi mmoja wa treni alituletea habari. Kabeya alitembea siku mbili zile na nyanya yake mgongoni, miguu mitupu. Alikanyaga kisiki, kidonda kikaoza, zahanati haikuwa na dawa. Walimkata mguu wa kushoto chini ya goti. Mama alivitoa viatu kwa mtu asiyetufahamu, na hakutaja tena jina la Kabeya, nasi hatukulitaja. Nilipokaribia komunyo ya kwanza nilimwungamia padri kwamba nilitumwa na mama yangu nikasimama njiani, na kwamba kwa ajili hiyo mtu amekatwa mguu. Padri alinipa sala za kusali. Nimezisali tangu wakati huo, na sijaona kama zinapungua.

Sasa nina miaka arobaini na kitu, Lubumbashi imejaa malori ya madini kuliko watu, na watoto wa wale waliofukuzwa wamerudi, wanauza, wanaoa, wanajenga, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ngoie ana ndevu nyeupe na magoti mabovu, na huitwa kuwa mwamuzi wa mashindano ya smashi, mtu wa enzi zile, anapewa maikrofoni na kofia. Mwezi uliopita alinilazimisha niende kumwona. Nilikwenda. Ukumbi ulikuwa na paa na taa na muziki wa kupasua masikio, na viti zaidi ya nusu havina mtu. Kijana mmoja aliruka pikipiki. Mwingine alimruka mama yake, maskini, amesimama pale na mkoba. Hakuna aliyepiga kelele. Ilikuwa Jumapili ya tatu ileile, ila sasa na umeme.

Tulipokuwa garini kurudi, Ngoie alikuwa mnyonge. "Mado," aliniuliza, "juu ya nini bantu habapende tena hii mambo?" Sijui ni nini kilinipata. Labda ni ile kofia. Nilimwambia kile ambacho sikuwahi kumwambia mtu isipokuwa padri: kwamba asubuhi ile mama hakunituma kwake. Alinituma gare. Mimi kwa tamaa yangu ya unga na makofi ndiye niliyesimama, ndiye niliyeingia kiwanjani, na mguu wa Kabeya uko juu yangu. Nilisema yote.

Ngoie alipunguza mwendo, akaegesha gari kando ya barabara. Hakunitazama. "Nilikuona," alisema. "Ulikuwa unapita zako, njia ya gare, haukugeuka hata. Nilijua ile kikwembe iko na nini. Ni mie nilikuita. Nilikuita mara tatu, haukutaka, nikakuja kukukamata mukono."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hii. "Ulikuwa mutoto," alisema. "Nilizania umesahau."

Nilizania umesahau! Zaidi ya miaka thelathini nilibeba mzigo wake mgongoni, nikaupeleka kwa padri, nikaamka nao na kulala nao, naye akivalishwa kofia. Nilitaka kumpiga. Badala yake nilitoa simu. Namba ya Kabeya ninayo miaka sita sasa. Nilipewa na binti wa dada yake niliyekutana naye sokoni, akaniambia mjomba yuko Mbujimayi, anafundisha shule, anapenda kupokea simu za watu wa zamani. Miaka sita nimeitazama namba ile na sikuthubutu kuipiga. Nikaibonyeza, nikaweka simu mkononi mwa Ngoie. Akasema, "Mado, hapana, Mado, nitamwambia nini?" Simu ikaita. Upande wa pili mtu akapokea, sauti nzito, yenye subira, ikasema, "Allo? Ni nani?"

Ngoie akanigeukia, macho yamemtoka. Nilikuwa na miaka kumi nilipomsaidia mara ile. Safari hii sikumsaidia.